Ellis Park haitoshi kwa watoto wa Bertrams



Kila michezo inapozungumzwa mashariki mwa Johannesburg, hutajwa Ellis Park, uwanja uliopakana na mtaa wetu wa Bertrams. Sifa unazo: fainali ya Kombe la Dunia la raga la 1995 ilichezwa pale, na Kombe la Dunia la soka la 2010 likauletea mechi 7. Lakini uwanja ule hufunguliwa kwa tiketi. Mtoto wa familia iliyopanga chumba kimoja, awe Mzulu au Mkongomani, anahitaji nyasi za kuingia bure, kila jioni, kwa miguu. Bajeti ya jiji isiyotofautisha mambo haya mawili inajidanganya.

Nyasi hizo ziko kwenye bustani ndogo za mtaani, lakini wapo wanaosema bustani hizo hugeuka maficho ya wezi, heri zifungwe. Hoja hiyo haidharauliki. Bertrams si mtaa wa kulala mlango wazi. Ila kufuli huwafukuza kwanza kina mama na wazee, wakati mwizi huruka ukuta. Kinacholinda eneo ni watu wenye shughuli humo. Mfano tulikuwa nao hapa hapa: kiwanja cha zamani cha bolingi ya nyasini kiligeuzwa shamba la mboga la Bambanani, na palipokuwa na watu wanaopalilia mwizi hakupata faragha. Basi Johannesburg City Parks and Zoo, wenye dhamana ya bustani za jiji, waanze na taa, choo kinachofunguka, na mtunzaji mmoja anayejulikana kwa jina. Fedha? Matengenezo ya uwanja mkubwa hula zaidi ya hizo.

Msomaji,
Bertrams