Vijana wa Mchanganyiko Wapewe Heshima Yao

Mkulima mwenzangu, katika maonyesho ya kilimo umemwona fahali aliyeshinda akivalishwa utepe, na mwenyewe akipewa mkono mbele ya watu wote. Jambo hilo ni jema, maana aliyeshindwa hurudi nyumbani akamtunza ng'ombe wake vizuri zaidi. Lakini vijana wa skimu yako waliopanda miti kando ya mto, ni nani aliyewapa mkono?

Nasema hasa juu ya vikundi walivyoviunda vijana wenyewe, Mkikuyu na Mkalenjin, Mluhya na Mkisii pamoja, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina wao. Wajua jinsi skimu zetu zilivyogawanywa. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mara nyingi watu wa kabila moja waliwekwa huku na wengine kule. Wazee wetu wakakutana sokoni na kwenye josho, basi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 tuliona katika Bonde la Ufa jinsi majirani wanavyoweza kufukuzana. Kijana aliyechimba mitaro pamoja na mwana wa ng'ambo ya mto, akala kwa mama yake, hatumwi kwa urahisi kwenda kuwachomea nyumba.

Mjini nako wamelijua jambo hili. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilianzishwa mwaka 1987, na watoto wa makabila mengi wakacheza pamoja. Timu iliyosafisha mtaa ilipewa pointi katika ligi, sawa na iliyofunga mabao. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ukakipa chama hicho tuzo ya mazingira iitwayo Global 500. Watoto wa mabanda walioondoa taka wakajulikana duniani.

Wako wazee wasemao kwamba kijana akisifiwa hupata kiburi. Mbona fahali hawamhofii hivyo?

Sitaki wapewe fedha, wala sitaki mwanasiasa aje kupigwa picha nao. Katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika waitwe mbele, na kazi yao isomwe kwa hesabu: miti mingapi iliyo hai baada ya kiangazi, mitaro ya hatua ngapi. Wapewe hati yenye muhuri wa chama, nao wapate nafasi ya kusema katika kamati, si kubeba viti tu. Tena kisichaguliwe kikundi cha wana wa mwenyekiti!

Mkutano wenu ukikaribia, mwombe mwandishi atie jambo hili katika shughuli za siku hiyo. Kabla ya siku hiyo nendeni na Bwana Shamba mkaihesabu miti yenyewe.