Sabuni Inaisha, Ufundi Unabaki



Kila mwisho wa semestri tunapitisha kikapo kwa ajili ya wandugu zetu wenyi kilema wa kartie. Kiisha tunanunua sabuni na chumvi, tunawagawia pale kwenye lango, tunaimba, tunarudia masomo. Ni jambo jema, hatulilaumu. Lakini sabuni inaisha kwa juma mbili, na mtu anarudi palepale langoni. Juu ya nini? Kwa sababu tumemupa kitu cha kutumia, hatukumupa kazi ya kufanya.

Maoni yetu, sisi wa mwaka wa sita, ni haya: feza ya kikapo kinachokuja ilipe mafundisho ya kazi.

Wamoja watauliza: kilema ataweza kazi gani? Ni kweli, mwenyi miguu zaifu hawezi kukanyaga mashini ya kushona. Lakini kuna mashini ya kuzungusha kwa mkono, nayo inashona sawasawa na ile ingine. Asiyesikia anaona: ukimwonyesha namna ya kupima ubao, atapima. Mara nyingi kinachomuzuia mtu si mwili, ni chombo kisichomufaa na mlango uliofungwa.

Tumuangalie Andrew Foster, Mwamerika mweusi aliyezaliwa mwaka 1925. Alipokuwa na miaka 11, ugonjwa ulimufanya kiziwi. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi huko Ghana, kiisha akaanzisha mashule karibu 30 katika inchi nyingi za Afrika, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege katika Rwanda, mwaka 1987. Tena aliwatayarisha viziwi wenyewe kuwa walimu wa viziwi. Mtoto akimuona mwalimu aliye kama yeye, hakuna haja ya kumuhubiri kwamba ataweza.

Hapo ndipo penye maana. Kufundisha miezi sita na kutoa hati haitoshi. Anayetoka kufundishwa hajui bado kununua kitambaa kwa bei nzuri, wala kusimama mbele ya mutu asiyetaka kulipa deni. Anahitaji fundi wa kumufuata mwaka muzima, kama vile mukubwa anavyomufuata mudogo wake.

Inchi yetu ina sheria ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 inayolinda haki za watu wenyi kilema. Sheria ni nzuri, lakini mlango unafunguliwa na yule anayeshika ufunguo.

Basi, Bwana Prefe, ufunguo wa atelie ya kushona uko kwenu. Siku ya tatu na siku ya tano, saa nane mpaka saa kumi, hakuna anayefanya kazi humo. Tunaomba wapokelewe vijana wawili kwa kuanza. Mwalimu wetu wa kushona awafundishe. Fundi mwenyi kilema kutoka sokoni aje kuwaongoza, na kikapo kimulipie njia. Kazi ya kutengeneza mteremko wa mbao juu ya zile ngazi tatu, sisi wanafunzi tutaifanya.

Mtasema mashini ni chache hata kwetu. Ni kweli, ziko chache. Lakini saa zile zinakaa zimefunikwa bule.

Kapita wa shule, kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa sita