Kidole Gumba Kwanza



Wapendwa wanaparokia, juma hili naandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kwa tafakari: vidole vya watoto wetu. Katika mazungumzo ya kwaya hapa Kighare limetolewa pendekezo kwamba michango yote ya vijana ielekezwe katika kununua kinanda kipya cha umeme, chenye midundo iliyokwisha kupangwa kiwandani. Wakati huohuo wapo watoto wachache wanaojifunza kudonoa nyuzi za ukulele kwa vidole, na baadhi ya wazazi wameniuliza kama huko si kupoteza muda. Kwa maoni yangu, watoto hao wameshika njia iliyo bora kuliko kinanda hicho.

Ukulele ni chombo kidogo mfano wa gitaa, chenye nyuzi nne. Kilizaliwa visiwani Hawaii kutokana na vigitaa vya wahamiaji wa Kireno waliofika Honolulu mwaka 1879 wakitoka Madeira. Jina lake huwachekesha wengi, kwa kuwa kwetu ukelele ni yowe, na chombo hiki ni kipole kabisa. Mwanakwaya asomaye solfa hatapata shida nacho: nyuzi zake zikipigwa wazi, kuanzia wa nne hadi wa kwanza, hutoa sol, do, mi, la. Lakini sol hiyo ya uzi wa nne iko juu ya do inayofuata, si chini yake. Ndiyo maana mtu aliyezoea gitaa hutafuta besi nzito mahali hapo na asiione.

Wengi huanza kwa kucharaza nyuzi zote kwa pamoja, nao huishia hapo. Kudonoa ni kazi nyingine. Gumba hupewa uzi wa nne na wa tatu, kidole cha shahada uzi wa pili, cha kati uzi wa kwanza. Gumba hupiga katika kila hesabu, moja, mbili, tatu, nne, likibadilishana nyuzi zake mbili. Vidole vingine huingia katikati ya hesabu. Yasikika rahisi. Mwanafunzi akijaribu, gumba husimama mara tu shahada inapoanza kusogea, kana kwamba vidole vyote vimefungwa kamba moja. Dawa yake ni moja tu: gumba lifanye kazi peke yake kwa siku kadhaa, polepole mno, mpaka mtoto aweze kuongea na mama yake huku gumba likiendelea. Baada ya hapo ndipo kidole cha pili kiongezwe. Anayeharakisha hatua hii hurudi mwanzo, na mara nyingi hurudi amekata tamaa.

Asije mtu akadhani kwamba tunaiga mambo ya wageni. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo huitwa Likasi, kijana mmoja aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Mkono wake wa kulia ulitumia gumba na shahada tu, na bado anayesikiliza wimbo wake “Masanga” hudhani wapigaji ni wawili. Gumba lilishika mwendo, shahada ikaimba juu yake, na sauti yake mwenyewe ikaimba mara nyingi kwa Kiswahili cha kwao. Mtaalamu David Rycroft aliziandika nota za upigaji huo katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipiga vivyo hivyo kwa vidole viwili, na katika rekodi nyingi za enzi ile chupa ya soda iliyogongwa ndiyo ilikuwa ngoma. (Jina la Bosco, bila shaka mmeliona, ni la mtakatifu aliyewakusanya wavulana wa Turin na kuupa muziki nafasi kubwa kati yao.)

Wapo wasemao gitaa na ndugu zake ni vyombo vya vilabuni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya liturujia ya mwaka 1963, uliupa organi heshima ya pekee, lakini uliruhusu vyombo vingine kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa matumizi matakatifu. Kinachonishughulisha zaidi ni upande wa pili. Maelekezo ya Roma ya mwaka 1958 yalikataza katika liturujia vyombo vinavyojipiga vyenyewe. Kinanda kinachoachwa kipige ngoma yake huku mpigaji amekunja mkono mmoja kinakaribia mno jambo hilo. Tena mashine haimsubiri mzee anayeivuta beti kwa pumzi fupi. Gumba la mtoto humsubiri. Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, kinaposimulia jinsi Daudi alivyomtuliza Sauli, hakikusahau kuutaja mkono wake.

Lipo pia suala la kawaida kabisa la umeme. Ukikatika katikati ya Misa, kwaya iliyozoea mashine huyumba, maana hakuna aliyejifunza kushika mwendo. Na tunapopanda milimani kwenye vigango, tubebe kinanda, betri na spika kwa nani?

Sikatai kinanda. Nasema kisimeze michango yote. Sehemu yake inunue vyombo vichache vya nyuzi na nyuzi za akiba, na impatie mwalimu nauli yake; jambo hili nitalipeleka kwenye kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei. Nanyi wazazi, mtakaposikia mdundo uleule ukirudiwa mara mia jioni nzima, msimnyang'anye mtoto chombo chake. Mtumeni akapigie nje, chini ya mti, hadi chakula kiive.