Tamko Kuhusu Kufukuza Samaki kwa Kelele, Mwanga na Umeme katika Mto Kagera

Sisi wavuvi, wachuuzi wa samaki na mafundi nyavu wa wilaya za Ngara na Biharamulo, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wananchi, kwa halmashauri zetu mbili na kwa wote wenye dhamana juu ya maji ya Mto Kagera.

Mtambo wa umeme wa Rusumo, wenye uwezo wa megawati 80 na unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, huchukua maji juu ya maporomoko, baada ya Ruvubu kuingia Kagera. Umeme unaokuja upande wetu husafiri kilomita 94 hivi hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Tunautaka umeme huo. Mchuuzi wa Nyakanazi anayegandisha samaki usiku ili asubuhi awapakie kwenye gari la Kahama hana ugomvi na mtambo, na sisi hatuna.

Lakini maji yanapovutwa kwenda kwenye mitambo, samaki naye huvutwa. Kwingineko duniani wahandisi hujaribu kumrudisha nyuma kwa vitu asivyovipenda: kelele chini ya maji, taa za kumetameta, pazia la mapovu, umeme. Mjadala huo ukifika Kagera, tunataka utukute tuna msimamo. Nao ni huu: anayemfukuza samaki aonyeshe kwanza samaki huyo atakwenda wapi.

Tunaanza na wa kwetu, maana kumtisha samaki hatukufundishwa na wahandisi. Katuli ni uvuvi haramu na kila mwanachama anajua, na bado inapigwa. Wavu huzungushwa kwenye matete alfajiri, kisha mtu anasimama mtumbwini na rungu lake anatwanga maji mpaka samaki wakimbie kuelekea wavuni. Wanaoitetea husema wavu wenyewe ni wa macho halali, kwa hiyo kosa liko wapi? Kosa liko mdomoni mwa sato. Jike la sato hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na akishtuliwa vikali huvitema. Hata asiponasa, kizazi chake kimebaki kwenye tope kikisubiri kuliwa. Kuanzia leo, mwanachama atakayekamatwa na rungu la katuli chama hakitamwekea dhamana wala kumwombea radhi kwa afisa uvuvi. Tumebishana sana juu ya kipengele hiki, na wengi wamekubali.

Sasa tugeukie mitambo. Mfano unaotajwa sana ni kituo cha nyuklia cha Doel, Ubelgiji, kwenye mto Scheldt. Vipaza sauti viliwekwa majini mbele ya lango la maji, na samaki walionasa kwenye vichujio wakapungua kwa takriban asilimia 60. Heringi peke yao walipungua kwa karibu asilimia 95, ilhali samaki wasio na kibofu cha hewa karibu hawakujali. Hapo ndipo tunapotaka wataalamu watusikilize. Ningu, kuyu na kambale wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio, kwa hiyo husikia vizuri kuliko samaki wengi. Sato hana vifupa hivyo. Sauti itakayomkimbiza ningu huenda sato akaipita kama haipo. Zaidi ya hayo, samaki huzoea: kelele ileile, saa zilezile, mwisho huwa sehemu ya mto.

Taa hatuzikatai, ila anayezipendekeza aje atazame Kagera mvua za masika zikikolea, maji yakiwa mekundu hata kasia halionekani likishazama. Mwanga utafika wapi humo? Isitoshe, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hutumia mwanga kuwaita samaki, si kuwafukuza. Taa isiyopimwa inaweza kuwakusanya pale pale panapotakiwa wasikaribie.

Umeme ndio tunaouhofia zaidi. Kwenye mfereji wa Chicago, Marekani, vizuizi vya umeme vimetumika tangu 2002 kuwazuia samaki vamizi kutoka Asia wasiingie katika Maziwa Makuu ya huko. Udhaifu wake unajulikana: samaki mrefu hupata mshtuko mkubwa kwa sababu mwili wake unakatiza sehemu kubwa ya umeme uliomo majini, na mdogo hupata kidogo. Kwa hiyo kizuizi kinachomtosha mkubwa kinaweza kumwachia kifaranga apite. Sisi tuna samaki wa ziada wa kumfikiria. Domodomo hutoa umeme hafifu wa kwake na kuutumia kutafuta njia na chakula gizani, na kambale pia huhisi umeme majini. Kuwawekea hao ukuta wa umeme bila kuwajaribu kwanza ni kubahatisha.

Tena kichocheo chochote hakina kazi kama mkondo unamshinda samaki. Atasikia, atageuka, ataogelea, na maji yatamrudisha langoni. Kasi ya maji ipimwe kwanza, kiangazi na masika, ilinganishwe na nguvu ya ningu na kuyu, wakiwemo wachanga, na pembeni pawe na njia ya maji tulivu ya kumpokea anayegeuka. Bila njia hiyo hatutaunga mkono kifaa chochote, kiwe cha bei gani.

Tunaiomba TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, isimamie majaribio kwa samaki wa Kagera wenyewe, na wajumbe wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) wawepo vichujio vinaposafishwa na samaki wanapohesabiwa. Tunaiomba NEMC, baraza la mazingira la taifa, ihakikishe hesabu hizo zinatolewa kwa Kiswahili na kubandikwa mialoni. Ningu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kuzaa. Majaribio yasiyogusa msimu huo hatutayahesabu kuwa majaribio.

Tamko hili litasomwa mialoni kwa Kiswahili, Kihangaza na Kisubi. Nakala zimepelekwa kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo, na kwa maafisa uvuvi wa wilaya zote mbili.