Algarve si Jua Tupu

Wauzao Algarve, pwani ya kusini ya Ureno, huisifu kana kwamba ilizuka baharini mwaka 1965, ulipofunguliwa uwanja wa ndege wa Faro. Jua, mchanga, majabali ya rangi ya dhahabu, viwanja vya gofu, basi. Hata jina lenyewe hawalisikii. Algarve ni al-Gharb, magharibi ile ile aijuayo kila mtoto wa Mswahili. Silves, mji wa ngome nyekundu, ulimlea ujanani al-Mu'tamid, mfalme mshairi wa Seville, aliyefia uhamishoni Aghmat, Moroko, mwaka 1095. Mgeni huonyeshwa kuta, beti hasomewi.

Hilo huenda likasameheka. La Lagos halisameheki. Tarehe 8 Agosti 1444 waliteremshwa hapo mateka 235 kutoka Afrika, wakagawanywa, mama huku na mwana kule, naye Mwanamfalme Henrique yu juu ya farasi akingoja fungu lake. Zurara, mwandishi wa tarehe za ufalme, aliyaandika hayo pamoja na vilio vyao. Mwaka 2009, wachimbaji wa maegesho ya magari nje ya ukuta wa mji walifukua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150, waliotupwa penye jaa. Maegesho yakamalizwa, na juu yake ukatandikwa uwanja wa gofu ndogo.

Yapo makumbusho ya utumwa tangu 2016, ni kweli. Lakini anayedai kuwa watalii hawaendi likizo kukumbushwa historia, na aeleze kwa nini sanamu ya Henrique imesimama hatua chache tu kutoka soko hilo.