Nguva wa Kichina Mbona Hakufika Diani?

Mwaka 2016 ilitoka China filamu ya mapenzi na vichekesho iitwayo The Mermaid, kazi ya Stephen Chow. Tajiri amenunua ghuba, ataka kuifukia ajenge. Mitambo yake yawaua viumbe vya baharini. Nguva wakamtuma msichana wao akamuue, naye msichana akampenda. Kwao ilivuna zaidi ya yuan bilioni 3, fedha ambazo hakuna filamu ya Kichina iliyokuwa imezifikia. Marekani ilipata dola milioni 3 na kidogo tu.

Kisa kama hiki, cha tajiri na ufuo, ni nani Diani au Msambweni asiyekielewa? Lakini barazani kwetu sijasikia mtu akikitaja.

Wengi watasema ni lugha. Mimi naona lugha peke yake haitoshi kuwa sababu. Filamu ya Ang Lee ya mwaka 2000, Crouching Tiger, Hidden Dragon, ilisema Kichina kile kile, na Marekani ikachuma dola milioni 128. Upanga hauhitaji mkalimani. Vijana wetu wa Ukunda wamjua Jackie Chan bila ya kujua neno moja la kwao. Kichekesho cha mapenzi ni kitu kingine: utamu wake umo katika fumbo, mzaha na jina la utani. Mpaka umalize kumfasiria mtu, kicheko kimekwisha pita.

Msomaji ataniuliza: na filamu za Kihindi je? Wazee wetu walivuka Likoni wakaenda kuzitazama Regal na Naaz, wala Kihindi hawakukijua. Ni kweli. Lakini filamu zile zilikuja na nyimbo, na waimbaji wa taarab wa Mombasa, kama marehemu Juma Bhalo, wakazichukua sauti zile wakazitilia maneno ya Kiswahili. Wimbo ndio uliokuwa mkalimani.

Wachina nao wakaja kwa mlango mwingine. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha mchezo wao wa mfululizo, Doudou na Mama Wakwe Zake, uliotiwa sauti za Kiswahili. Haukuwa na upanga wala uchawi. Ulikuwa na mke kijana, mumewe na mavyaa. Ulipendwa hata Rais Xi Jinping akautaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Sishangai. Mambo ya mavyaa na mkaza mwana hayana haja ya kuelezwa Kwale. Tena ulikuwa mchezo ambao baba aweza kuutazama pamoja na binti yake bila ya mmoja wao kuinuka kwa haya. Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Ndilo linaloamua kipi kiingie sebuleni na kipi kibaki nje.

Mchezo ule haukuuza tiketi, kwa hiyo hauonekani katika hesabu za mapato. Lakini kuna waliolipa. Mwaka 2015 China ilitangaza mpango wa kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na Kenya ikatengewa vijiji 800. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliandaa mashindano ya kutia sauti huko Tanzania, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Wenzetu walijua kwamba kicheko hakisafiri bure. Lazima kilipiwe nauli.

Hapa ndipo ninapopata uchungu. Mchina amegharimika ili mavyaa wake aseme Kiswahili. Sisi Kiswahili tumezaliwa nacho. Visa vya nguva tumevisikia kwa wavuvi wa Shimoni na Vanga, na visa vya viwanja vya ufuoni twaviona kwa macho. Nauli ya lugha hatudaiwi. Kilichobaki ni wenye mali wetu na vituo vyetu vya televisheni kutoa fedha, kisha waandishi wa Pwani wapewe kazi. Wasipofanya hivyo, watoto wetu watacheka kwa Kiswahili, lakini watakuwa wakicheka mambo ya nyumba za watu.