AMANA YA VIDOLE VYETU

Hapana mwenye akili atakayekataa kwamba benki inayo haki ya kumjua anayekuja kuweka fedha kwake. Wezi wapo, na kila siku simu zetu hulia kwa ujumbe wa matapeli. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya mwaka 2006, na ya kwetu Zanzibar ya mwaka 2009, zimewalazimisha wenye mabenki kuuliza. Basi na waulize.

Swali letu ni jingine: tukisha kujibu, majibu yetu huenda wapi?

Tangu Mei 2019 laini za simu zimeandikishwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na wasiotimiza wakaanza kuzimiwa tarehe 20 Januari 2020. Namba hiyo hiyo ndiyo ifunguayo akaunti ya benki. Kumbukumbu zenyewe zina nyumba yake Kibaha, katika kituo cha Mamlaka ya Vitambulisho, na nyumba hiyo hatuidhanii vibaya. Khofu yetu haiko penye kufuli na askari, iko njiani. Iko kwa wakala aliyeketi chini ya mwavuli, pale Maili Moja, au Kisarawe, au Darajani kwetu, apokeaye nakala ya kitambulisho na kuandika namba ya mtu katika daftari la shule lililo wazi mezani. Sisi wenye maduka twajua daftari ni nini. Deni la jirani huandikwa, lakini halisomwi mbele ya mteja mwengine. Na anayelisoma hukosa wateja upesi kuliko anayepunja mizani.

Tena neno la siri likivuja hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi.

Na wapo wasiosomeka kabisa. Mkulima wa muhogo wa Kisarawe na mama wa mwani wa Paje, vidole vyao vimelika kwa kazi, mashine ikawakana. Mtu wa namna hii huenda akamwomba mwengine amsajilie kwa jina lake, na hapo siri yake imekwisha toka.

Madhara si ya kubuni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa simu zisizo na leseni. Watu waliokopa kwa wakopeshaji wa aina hiyo walipochelewa kulipa, ujumbe wa kuwafedhehesha ulipelekwa kwa wakwe na majirani, kwa namba zilizochotwa ndani ya simu zao wenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023, na maadamu mabenki na simu ni mambo ya Muungano, yatufika na sisi visiwani. Yampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuzisahihisha, na kulalamika mbele ya Tume. Serikali iliyojua kuitangaza siku ya kuzima laini katika kila kitongoji, yashindwaje kuitangaza haki hii kwa sauti ile ile?

Wawakilishi wetu na waulize Barazani. Na wewe mwanachama, utakapotakiwa kidole chako, uliza kwanza: ni cha kazi gani, nani mwengine atakiona, na kitawekwa kwa muda gani? Ukinyimwa jibu, andika jina la tawi la benki na tarehe, umpelekee katibu wa tawi lako.